Nilichanjwa homa ya ini B mara tatu, kingamwili ni 4 tu. Je, mwili wangu umeshindwa?

*"Daktari, shikamoo. Nina miaka 34, naishi na VVU na nipo kwenye dawa mwaka wa tatu sasa: kidonge kimoja kwa siku chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Nilipoanza, CD4 (hesabu ya seli za kinga) ilikuwa 96. Leo ni 430 na virusi havionekani kwenye kipimo. Mwezi uleule nilioanza dawa nilianzishiwa chanjo ya homa ya ini B, nikachomwa zote tatu. Mwaka huu mchumba wangu kapimwa akakutwa na homa ya ini B, ndipo na mimi nikapimwa. HBsAg sina, anti-HBc sina, lakini anti-HBs ni 4. Nesi kaniambia chanjo haikushika. Rafiki yangu, naye yuko kwenye dawa, anasema nisirudie kwa sababu chanjo huamsha VVU, tena ARV zangu zinatosha kunikinga. Je, mwili wangu umeshindwa kabisa? Nirudie chanjo, au niachane na huyu mtu? Tulikuwa tunapanga mtoto."*

Marahaba, dada yangu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na mara ya pili nikasimama kwenye lile swali la kuachana, maana naona ndilo lililokunyima usingizi. Nianze nalo. Homa ya ini B ya mchumba wako haitoshi kuvunja uchumba. Inachodai ni mmalize kazi iliyoanzwa miaka mitatu iliyopita ikaachwa njiani. Na aliyeiacha si wewe. Wewe ulifika kwa sindano zote tatu. Kilichokosekana ni kipimo cha kuona kama zimeshika, ambacho kwa mtu anayeishi na VVU hufanywa mwezi mmoja hadi miwili baada ya sindano ya mwisho. Hilo nalirudia kwa kila mgonjwa wangu: chanjo hii haijaisha mpaka kingamwili zipimwe.

Sasa tusome karatasi yako. HBsAg ni kipande cha ganda la kirusi chenyewe. Kukikosa maana yake huna maambukizi yanayoonekana. Anti-HBc ni alama ambayo mwili huiacha ukikutana na kirusi halisi, na chanjo haiwezi kuileta; kuikosa maana yake inaelekea hujawahi kukutana nacho. Hizo ni habari njema mbili. Anti-HBs ndiyo kingamwili ya ulinzi, na mstari tunaoutumia ni 10 mIU/mL. Ukiwa na 10 au zaidi baada ya chanjo, tunasema umekingwa. Wewe una 4, yaani upo chini ya mstari.

Lakini "haikushika" ni neno zito kidogo kuliko karatasi inavyoruhusu. Kipimo chako kimefanywa zaidi ya miaka miwili baada ya sindano ya tatu. Inawezekana kingamwili hazikutoka kabisa. Inawezekana pia zilitoka, zikapanda kupita 10, kisha zikashuka kadiri muda ulivyokwenda. Kwa mtu asiye na VVU tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu akishavuka 10 mara moja, kumbukumbu ya kinga hubaki hata namba ikishuka, naye huendelea kulindwa. Kwa anayeishi na VVU hatuitegemei kumbukumbu hiyo kwa kiasi kilekile, hasa chanjo ikiwa imetolewa wakati CD4 iko chini kama ilivyokuwa yako. Kwa hiyo, iwe hazikutoka au zilishuka, jibu langu kwako halibadiliki: rudia.

Je, mwili wako umeshindwa? Hapana, na ningependa uelewe ni kwa nini, ili neno hilo likutoke moyoni.

Chanjo ya homa ya ini B ni protini tupu. Ni lile ganda la nje la kirusi, linalotengenezwa na hamira iliyopewa maelekezo ya kulizalisha. Ndani yake hakuna kirusi, hai wala kilichokufa. Likiingia kwenye msuli wa bega, seli za ulinzi huliokota na kulipeleka kwenye tezi, ambako zipo seli zinazoitwa seli B (herufi hiyo haina uhusiano na B ya homa ya ini). Seli B ndizo watengenezaji wa kingamwili. Zikiligusa lile ganda hulitambua, ila haziingii kazini kwa nguvu mpaka zithibitishiwe na msaidizi aliyeliona ganda hilohilo. Msaidizi huyo ni seli ya CD4. Ndiye anayeziambia zizaliane, ziboreshe kingamwili zake, na baadhi yake zibaki kuwa kumbukumbu kwa miaka ijayo.

Unaona sasa tatizo lilikuwa wapi. VVU hushambulia seli za CD4 zenyewe. Ulipochomwa sindano ya kwanza ulikuwa na CD4 96, na virusi vilikuwa bado vingi kwenye damu kwa sababu dawa ulikuwa ndiyo kwanza unaianza. Ganda lilifika, watengenezaji walikuwepo, lakini wa kutoa idhini walikuwa wachache na wamechoka. Miongoni mwa watu wazima wenye afya, zaidi ya 90 katika kila 100 hupata kingamwili za kutosha kwa sindano tatu za kawaida. Kwa watu wanaoishi na VVU, tafiti zimekuwa zikionyesha kati ya 35 na 70 hivi, na walio na CD4 chini ya 200 huangukia upande wa chini. Umri mkubwa, uvutaji wa sigara na unene uliozidi navyo hupunguza mwitikio, hata kwa wasio na VVU.

Usije ukadhani basi kwamba walikosea kukuchanja mapema. Hawakukosea. Mwongozo ni kutosubiri CD4 ipande ndipo mtu achanjwe kwa mara ya kwanza, kwa sababu wapo wanaoitikia hata wakiwa chini, na anayesubiri anaweza kuambukizwa akiwa anasubiri. Kusubiri CD4 ivuke 200 na kutulia hapo kunafikiriwa kwa yule aliyekwisha chanjwa asiitikie, anapotaka kurudia. Wewe mstari huo umeuvuka zamani. Mwili utakaopokea sindano safari hii una CD4 430 na virusi vimefubazwa. Kipimo chako cha 4 kinazungumza juu ya mwili wa miaka mitatu iliyopita.

Nije kwa rafiki yako. Simlaumu, alichokisema kina chembe ya ukweli iliyokuzwa. Zamani, kabla dawa za sasa hazijaenea, watafiti waliona kwamba baada ya chanjo za aina mbalimbali wingi wa VVU kwenye damu uliweza kupanda kidogo kwa siku chache, kisha ukarudi ulipokuwa. Sababu yake inaeleweka: ukiziamsha seli za ulinzi zifanye kazi, na VVU vilivyomo ndani ya baadhi yake huamka kwa muda. Kwa mtu anayemeza ARV vizuri, mpando huo mara nyingi hauonekani, na ukionekana ni mdogo na wa kupita. Hauharibu tiba, hauleti usugu wa dawa, haushushi CD4 yako. Nikushauri jambo moja dogo la utaratibu: kama kipimo chako cha wingi wa virusi kinakaribia, toa damu kwanza ndipo uchanjwe siku hiyohiyo, usije ukashtushwa na namba isiyo na maana.

Na kwa kuwa chanjo si kirusi, haiwezi kukupa homa ya ini. Maumivu ya bega siku moja au mbili, uchovu, pengine joto kidogo, ndiyo madhara ya kawaida. Wasiopaswa kuichoma ni wale waliowahi kupata mzio mkali kwa dozi iliyotangulia au kwa kitu kilichomo ndani yake, ikiwemo hamira.

Hoja yake ya pili, kwamba ARV zinatosha, inastahili kujibiwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu nusu yake ni kweli kabisa. Kirusi cha homa ya ini B kina tabia inayofanana na VVU: katika kuzaliana hugeuza RNA kuwa DNA. Tenofoviri huziba hatua hiyo kwa virusi vyote viwili, na lamivudini nayo husaidia. Ndiyo maana watu wanaotumia tenofoviri huambukizwa homa ya ini B mara chache kuliko wasioitumia. Inawezekana kidonge chako kimekuwa kikikulinda muda wote huu bila wewe kujua, na tushukuru kwa hilo.

Ila hiyo ni kinga ya kuazima, na wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kidonge hakikuachii kingamwili hata moja. Ukikosa dozi kwa wiki kadhaa kwa safari, ugonjwa au msongo, umebaki wazi. Figo zikileta shida, daktari anaweza kukutoa kwenye tenofoviri. Tiba nazo zinabadilika: kuna mseto wa dawa mbili tu, dolutegraviri na lamivudini, usio na tenofoviri; na kuna sindano za muda mrefu za kabotegraviri na rilpivirini, ambazo hazimgusi kabisa kirusi wa homa ya ini B. Watu wengi wanazitamani sindano hizo, na nawaelewa, kumeza kidonge kila siku kunachosha. Lakini anayehamia huko bila kingamwili anaivua ile nguo bila kujua alikuwa ameivaa. Wewe unayekusudia kuishi na mwenye homa ya ini B usifikie siku hiyo ukiwa na 4.

Sasa, namna ya kurudia. Njia ziko mbili au tatu, na uchaguzi unategemea kilichopo kwenye kituo chako.

Njia iliyozoeleka ni kutumia chanjo ileile kwa dozi maradufu. Dozi ya kawaida ya mtu mzima katika chanjo nyingi ni mikrogramu 20. Hapa unapewa 40 kila safari, mwanzoni, mwezi wa kwanza na wa sita, au kwa ratiba ya safari nne, mwanzoni, mwezi wa kwanza, wa pili na wa sita. Utafiti uliofanywa Ufaransa na kuchapishwa 2011, kwa watu wenye VVU waliokuwa wakichanjwa kwa mara ya kwanza na CD4 zao zikiwa juu ya 200, ulionyesha kwamba sindano tatu za kawaida ziliwapa kinga watu 65 katika 100, na zile nne za dozi maradufu 82 katika 100. Si muujiza, ila ni tofauti ambayo ningependa uwe upande wake.

Njia mpya zaidi ni chanjo iitwayo Heplisav-B. Ganda ni lilelile. Kilichoongezwa ni kichocheo kiitwacho CpG 1018, ambacho hufanana na alama za vijidudu na kuzishtua seli za ulinzi zaidi kuliko ile chumvi ya alumini iliyozoeleka. Ni kama kuwaongezea sauti wale wasaidizi wachache. Matokeo yake yalichapishwa mwishoni mwa 2024, na yalihusu watu walio katika hali yako hasa: wanaoishi na VVU, wapo kwenye ARV, walichanjwa zamani na hawakuitikia. Waliopewa dozi mbili za chanjo hii walipata kinga kwa asilimia 93, waliopewa dozi tatu kwa asilimia 99. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni kundi la kulinganishia: waliorudia dozi tatu za kawaida za chanjo ya zamani walifika asilimia 81. Tafadhali iangalie namba hiyo mara mbili. Ni watu walioambiwa kama wewe kwamba chanjo haikushika, wakarudia chanjo ya aina ileile wakiwa na mwili ulioimarika, na wanne kati ya watano wakaitikia.

Kwa hiyo ikiwa Heplisav-B ipo unapotibiwa, iombe, na kwa anayeishi na VVU ambaye hakuitikia napendelea dozi tatu. Kama haipo, na kwa wengi haipo, usikae ukiisubiri. Anza na iliyopo, kwa dozi maradufu. Baadhi ya madaktari, kwa mtu ambaye kipimo chake kilichelewa kama chako, humchoma dozi moja kisha humpima baada ya mwezi, kuona kama kuna kumbukumbu iliyolala. Namba ikiruka juu, basi chanjo ya kwanza ilikuwa imeshika. Si njia mbaya, lakini kwako, unayekaa na mwenye maambukizi, ningeihesabu dozi hiyo kuwa ya kwanza ya mzunguko kamili na kuendelea.

Sindano ichomwe kwenye msuli wa bega. Ikichomwa kwenye tako mara nyingi huishia kwenye mafuta na mwitikio hupungua. Ukichelewa dozi, endelea ulipoishia. Hurudi mwanzo hata ikipita miezi. Wiki nne hadi nane baada ya dozi ya mwisho, pima anti-HBs. Ukivuka 10, baadaye pimeni tena mara kwa mara, kwa kuwa una mtu wa karibu mwenye virusi. Ikishuka, dozi moja ya kuongezea inaweza kutosha.

Kuna mtego mmoja wa maabara. Siku chache hadi wiki kama tatu baada ya chanjo, lile ganda tulilokuchoma linaweza kuonekana kwenye kipimo cha HBsAg, ukaambiwa umeambukizwa kumbe ni chanjo yenyewe. Nimeona watu wakilia kwa jambo hili. Na wewe utahitaji kurudia HBsAg, kwa sababu kama mmewahi kukutana bila kondomu karibuni, maambukizi mapya yanaweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi miwili, kuonekana. Basi kipimo kifanywe kabla ya sindano, au subiri wiki nne zipite. Chanjo yenyewe isingoje majibu.

Sasa nyinyi wawili. Hali yenu ina jambo ambalo wengi hawalitegemei. Wewe ambaye VVU havionekani kwenye kipimo huwezi kumwambukiza VVU kwa njia ya ngono maadamu unaendelea na dawa. Yeye ndiye anayeweza kukuambukiza. Homa ya ini B hupita kwa urahisi kuliko VVU, kwa damu na kwa ngono, na kirusi chake huweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Mtu mzima mwenye kinga kamili akiambukizwa, mara nyingi huviondoa virusi mwenyewe. Ni chini ya 5 katika 100 wanaobaki navyo maisha yote. Anayeishi na VVU yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kubaki navyo, na vikibaki ini huelekea kwenye makovu ya sirosisi na saratani kwa kasi zaidi. Ndiyo maana nakusukuma.

Mpaka anti-HBs yako ivuke 10, tumieni kondomu. Wembe, mswaki, kikata kucha na chochote kinachoweza kugusa damu kila mtu awe na chake. Kula sahani moja, kukumbatiana, kulala kitanda kimoja, kumuuguza: hakuna kinachokuambukiza. Usimtenge.

Yeye naye asiishie kwenye kuambiwa "unayo". Anahitaji vipimo vya ini, wingi wa virusi vya homa ya ini B, na uamuzi wa daktari kama aanze tiba, ambayo mara nyingi ni tenofoviri hiyohiyo unayomeza. Apimwe VVU kabla ya kuianza, kwa kuwa tenofoviri peke yake haitoshi kutibu VVU. Na kama atapewa dawa kinga za VVU zenye tenofoviri, aliyemwandikia ajue ana homa ya ini B: dawa hizo zitakuwa zinaitibu pia, na akiziacha ghafla ini linaweza kuwaka vibaya. Ndugu zake waliozaliwa mama mmoja nao wapimwe. Wengi waliokutwa nayo ukubwani waliipata utotoni.

Kuhusu mtoto, msifute mpango. Chanjo za kawaida za homa ya ini B hutolewa hata kwa mjamzito, ila ningependa uvuke 10 kwanza ndipo muache kondomu. Mtoto akizaliwa apewe dozi yake ya kwanza ndani ya saa 24.

Yapo mambo yasiyosubiri tarehe ya kliniki. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, ukitapika mfululizo, ukipata maumivu chini ya mbavu za kulia au kuchanganyikiwa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kondomu ikipasuka, au damu yake ikiingia kwenye kidonda chako kabla hujavuka 10, nenda ndani ya saa 24 ukaeleze kilichotokea na uonyeshe kipimo chako cha 4; kuna kingamwili za tayari, imunoglobulini ya homa ya ini B, zinazoweza kutolewa pamoja na chanjo, na zinafanya kazi vizuri zaidi zikiwahi. Baada ya kukutana kimwili muda wake haupiti siku 14. Na kidonge chako usikiache wala kukibadilisha bila aliyekiandika kujua habari ya mchumba wako.

Nenda kliniki wiki hii, mkiweza nendeni wote wawili. Beba kadi ya chanjo ya zamani na karatasi ya majibu, uliza ni chanjo ipi ipo na kwa dozi gani. Kabla hujatoka, mwombe nesi aandike kwenye kadi tarehe mbili: ya sindano ya mwisho, na ya kupima anti-HBs baada yake. Tarehe ile ya pili ndiyo iliyokosekana mara ya kwanza.